Ng'ombe wa Nundu Kwenye Kibuyu cha Meksiko

Kreti ilifika hotelini ikiwa imefungwa vizuri, ndiyo maana hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Tuliifungulia kwenye chumba cha nyuma cha mgahawa, mlimokaa viti vilivyovunjika miguu na miti ya Krismasi ya plastiki. Mwenye kreti alikuwa mama fundi kutoka Meksiko, mfupi, amejaa mabega, na nywele amezisuka mkia mmoja uliofika kiunoni. Alikata kamba, akatoa gazeti la juu, akatoa la pili, kisha mikono yake ikasimama. Vibuyu vyote vilikuwa vimegeuka vipande vyembamba vyekundu na vyeusi, kama maganda ya mayai baada ya kifungua kinywa. Nani aliweka mzigo gani juu yake, na katika uwanja gani wa ndege, hatukujua.

Vilivyopona ni vifaa vya kazi: chupa ya mafuta ya mbegu, mifuko ya unga wa udongo mweupe, rangi, mawe laini ya mtoni, manyoya ya bata mzinga, na miiba iliyofungwa kwenye kitambaa. Fundi alikuwa na kila kitu isipokuwa kitu cha kufanyia kazi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, kabla Dubai haijawa na metro. Mimi nilikuwa mhudumu katika mgahawa wa Kimeksiko wa hoteli moja upande wa Bur Dubai. Mgahawa huo haukuwa na Mmeksiko hata mmoja. Mpishi mkuu alitoka Kerala, wahudumu wengi walikuwa Wafilipino, na mimi nilitoka Iringa, nilikokuwa nikikusanya habari za mkoa kwa ajili ya redio kabla sijasafiri. Redio niliiacha, lakini tabia ya kuuliza ilinifuata. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba kwa majuma mawili hoteli itaadhimisha Meksiko, na kwamba fundi wa kweli ataletwa akae penye lango la mgahawa aoneshe kazi za kijijini kwao, nilijiweka karibu naye tangu siku aliyofika.

Mkalimani wetu alikuwa mhudumu mwenzangu Mfilipino. Lugha yao imebeba maneno mengi ya Kihispania, ya meza, ya vijiko na ya siku za juma, na pale maneno yalipoishia alimalizia kwa mikono. Kupitia kwake nilielezwa kazi yenyewe. Kibuyu kikavu hupakwa mafuta, hunyunyiziwa unga wa udongo uliochanganywa na rangi, kisha husuguliwa kwa jiwe mpaka king'ae. Kikikauka, hupakwa rangi nyingine juu ya ile ya kwanza. Fundi huchukua mwiba na kuiparuza rangi ya juu kabla haijakaza, ili ya chini ichungulie, na hapo ndipo maua, ndege na sungura hutokea. Vumbi linaloparuzwa huondolewa kwa unyoya. Mama yule alifundishwa na bibi yake, na bibi na mama yake.

Meneja wetu, Mlebanoni mwenye mwendo wa haraka, aliangalia vile vipande, akaangalia saa, akaenda stoo. Alirudi na kofia kubwa nyeusi, pana kama ungo, yenye nakshi za uzi wa fedha.

"Khalas," alisema. "Hakuna vibuyu, hakuna tatizo. Senyora atasimama mlangoni, atavaa hii, atagawa chipsi za mahindi. Wageni watapenda."

Mwenzangu akatafsiri. Mama akajibu kirefu, kwa sauti ya chini.

"Anasema nini?" akauliza meneja.

"Sir, anasema kwao kofia hii huvaliwa na wanaume wanaopiga magitaa harusini. Anauliza, wewe ungekubali kuvaa shela ya bi harusi ugawe chipsi?"

Meneja alicheka, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, lakini hakubadili neno. Mezani akikaa bila kibuyu, wageni wataona nini? Jioni ya kufungua, mama akavaa kofia. Ilimfika kwenye nyusi. Alisimama na sinia la chipsi, uso wake kama wa mtu aliyepanga foleni ya kung'olewa jino, na watalii wakampiga picha. Kila alipopata nafasi aliyatazama mawe yake, aliyokuwa ameyapanga kwa ukubwa juu ya meza tupu iliyokuwa pembeni.

Jikoni walijaribu kusaidia. Mpishi mkuu alimletea boga. Mama akaligonga kwa kidole, likaitika kama tumbo lililoshiba, naye akamrudishia kwa heshima. Akaletewa tikiti maji, kisha bakuli la mbao la saladi. Alilipapasa bakuli mpaka akakuta limepakwa vanishi ya kiwandani, akatikisa kichwa.

Nilikuwa na siku ya mapumziko, nikavuka kwa abra, mashua ya abiria, kwenda Deira na kuingia soko la Naif. Nilifikiri kwamba mahali ambapo nusu ya Afrika Mashariki inafunga mizigo hapawezi kukosa kibuyu kimoja. Nilizunguka maduka ya vyombo mpaka nikafika kwa mzee mmoja wa Kizanzibari aliyekuwa akisafirisha bidhaa za plastiki kwenda Dar. Alikuwa amekaa katikati ya ndoo na majagi yaliyofika darini.

"Shikamoo, mzee. Natafuta kibuyu."

"Marahaba. Kibuyu cha nini, cha mganga?"

"Hapana, cha fundi wa Meksiko."

"Kumbe na huko nako wana waganga!"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akawaita wapagazi wake wasikie.

"Njooni mumwone huyu. Watu wanapanda ndege huko kwao kuja kununua kwangu majagi ya plastiki, waachane na vibuyu. Yeye kapanda ndege kuja kutafuta kibuyu kwangu! Mwanangu, umeivuka bahari upande siyo." Alinipa chai ya rangi na jagi moja la kijani la bure, eti nimpelekee fundi, naye ajaribu bahati yake.

Nilirudi Al Qusais, kwenye nyumba za wafanyakazi, nikiwa na jagi mkononi. Chumbani kwetu tulilala kwenye vitanda vya ghorofa. Juu yangu alilala Mkenya, Mkalenjin wa Bonde la Ufa, mlinzi wa lango la wafanyakazi pale pale hotelini. Alikuwa na kibuyu kirefu chembamba alichokitumia kutengeneza mursik, maziwa ya mgando ya kwao. Alikisugua ndani kwa mkaa wa kijiti maalumu alichotumiwa na mama yake, akamimina maziwa ya dukani, akangoja. Wenzetu walikuwa wakimtania kwamba analea paka chumbani. Kibuyu hicho nilikijua, na sikukifikiria kabisa: kilikuwa na kazi, tena kilikuwa kimelowa maziwa mwaka mzima.

Aliliona jagi, akauliza, nikamweleza safari yangu yote. Aliteremka kitandani huku anacheka.

"Wewe Mtanzania ni mtu wa ajabu. Umeenda Naif kutafuta kibuyu na unalala chumba kimoja na viwili?"

"Viwili? Mimi naona kimoja."

"Hicho ni cha kazi. Ndugu yake yuko kwa begi."

Akavuta begi lake kutoka chini ya kitanda. Ndani, kimeviringishwa kwenye sweta, mlikuwa na kibuyu cha pili, kinene kuliko cha kwanza, kikavu, hakijawahi kutumika. Alipewa alipokuwa akiondoka nyumbani, ili cha kwanza kikipasuka asibaki mpweke.

"Sasa sikiza," alisema. "Kwetu kibuyu hakiuzwi kwa mtu baki. Nitamwazima huyo mama. Achore vile anataka. Lakini kirudi, na asiguse ndani. Ndani ni mambo yangu na maziwa."

Siku iliyofuata nilimshusha mama mpaka lango la wafanyakazi, mwenzangu wa kutafsiri akiwa nyuma yetu. Mlinzi alikitoa kibuyu kwenye sweta. Mama alikigonga, akakinusa, akakizungusha kwenye mwanga. Kisha alilowesha kidole gumba kwa mate na kukibonyeza juu ya ganda. Lile doa la maji lilinywewa papo hapo, likapotea. Mama akacheka, na tangu afike hatukuwa tumemwona akicheka.

"Anasema kina kiu," mwenzangu akatafsiri. "Kitakunywa rangi vizuri. Anakitaka sasa hivi."

"Sasa hivi hapana," mlinzi akasema. "Mwambie kesho. Hakiwezi kutoka mkononi mwangu hivi, kama mtoto hajaoga."

Tuliona ni adabu tu. Jioni ile alinunua samli kwenye duka la Mhindi karibu na kituo cha basi letu, akaketi kitandani na kitambaa. Kwao, alituambia, kibuyu kinachokwenda kwa mgeni ni lazima king'ae. Ukimpa mgeni kibuyu chenye vumbi umemwambia kwamba nyumba yako haina ng'ombe. Alikipaka, akakisugua, akakipaka tena. Chumba kizima kilikisifu. Kiligeuka rangi ya asali, na aliyekishika alijiona usoni.

Asubuhi mlinzi alimkabidhi mama kibuyu kwa mikono miwili, kofia yake ya ulinzi ikiwa kwapani. Mama alikipokea kwa mikono miwili pia. Vidole vyake vikateleza. Alikinusa. Akalowesha kidole gumba, akabonyeza, na tone la mate likakaa juu ya ganda kama shanga, halikwenda popote. Alikaa kwenye ngazi, kibuyu kikiwa mapajani.

"Anauliza umekipaka nini," mwenzangu akasema taratibu.

"Samli. Samli safi kabisa! Kwani kuna shida?"

"Anasema kimeshiba. Hakitakunywa tena kitu."

Sijawahi kumwona mtu mrefu akifupika vile. Mlinzi alishika kichwa. "Mama, pole. Pole sana. Nilikuwa nakuheshimu." Mama hakuhitaji tafsiri kwa hilo. Alimpigapiga mkononi, lakini macho yake yalikuwa kwenye mlango wa mgahawa, ambako kofia ilimngoja juu ya ndoano.

Meneja alikuwa ameshasikia kwamba kibuyu kimepatikana. Alikuja, akakisifu kwa mng'ao wake, akaambiwa kuwa mng'ao ndio ugonjwa. Alipumua.

"Habibi, nisikilizeni. Kesho kutwa jioni meza iwe na kazi. Ikiwa tupu, meza naiondoa naweka mashine ya juisi, na senyora anavaa kofia mpaka siku ya mwisho. Mimi nina hoteli ya kuendesha."

Mama alizunguka ua wa nyuma akifikiri. Kando ya hoteli kulikuwa na jengo linalopanda, kama ilivyokuwa kando ya kila jengo mjini siku zile, na kando ya jengo kulikuwa na rundo la mchanga. Alisimama kulitazama. Kisha akaniita kwa kidole.

Mafundi wa Kipakistani walitujazia ndoo bila kuuliza mengi. Mchanga tuliuchekecha kwa chujio la unga, tukaumimina kwenye sinia, tukaupeleka kwenye tanuri la mikate. Mwokaji, Mnepali mpole, alitazama sinia, akanitazama mimi.

"Ndugu, hii ndiyo mikate ya Meksiko?"

"Ni dawa ya kibuyu."

"Basi isinigusie unga wangu."

Mchanga ulipashwa tu, wa kuvumilika na mkono. Mama alikizika kibuyu ndani yake mpaka shingoni, akakifunika kwa taulo. Baada ya muda alikitoa, na mchanga ulikuwa umegandana vibonge vinavyonuka samli. Ukamwagwa, ukapashwa mwingine. Alirudia hivyo mchana kutwa. Mlinzi, kila alipopata dakika ya kupumzika, alichungulia mlangoni.

"Bado kimeshiba?"

"Bado."

"Mwambieni anisamehe, nilikilisha kama mtoto wa kwanza."

Kisha mama alikisugua kwa karatasi ya msasa na kukipaka ule unga wake mweupe, kavu, mpaka kikafanana na mtoto aliyetoka kuogeshwa akapigwa poda, akakiacha hivyo mpaka kesho yake. Asubuhi alikipangusa. Tulikuwa tumesimama wote pale, mwokaji akiwa na unga mikononi. Mama alilowesha kidole gumba na kubonyeza. Doa lilikaa. Likakaa tena kidogo. Halafu kingo zake zikaanza kurudi ndani, polepole, mpaka likaisha.

"Kimesikia njaa!" mlinzi alipiga kelele kutoka mlangoni, na meneja wa zamu akamrudisha langoni.

Jioni ya siku ile aliyopewa kuwa mwisho, mama aliketi mezani, amevaa aproni yake mwenyewe. Alikipaka mafuta kwa ncha za vidole, akanyunyiza udongo mwekundu, akaanza kusugua kwa jiwe. Kulikuwa na shida moja: kibuyu kile kilikuwa na tako la mviringo, na kila alipokiweka mezani kilibingirika. Alitazama huku na huku. Akanyoosha mkono kwenye ndoano, akaichukua kofia, akaipindua juu chini mezani, akakikalisha kibuyu ndani yake. Kilienea kama yai kwenye kiota. Meneja alipopita alifungua mdomo, akaona wageni wamezunguka meza safu mbili, akaufunga.

Rangi nyekundu ilikaushwa juu ya paa, mbele ya mashine za kiyoyozi zinazotema upepo wa moto, ambako vitambaa vyetu vya jikoni pia hukaushiwa. Mama alisema kwao ingengoja muda mrefu zaidi, na kwamba joto la Dubai lina haraka kama meneja. Juma la pili lilipofika katikati aliweka rangi nyeusi juu ya nyekundu, akatoa miiba.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Mlinzi, akiwa amemaliza zamu, alisimama nyuma yake na kuangalia mnyama anavyotokea chini ya mwiba, mwekundu ndani ya weusi.

"Huyo ni nani?"

"Kulungu," mwenzangu akatafsiri.

"Hapana. Hiki ni kibuyu cha maziwa. Kulungu nani anamkama? Mwambie aweke ng'ombe."

Mama alikubali, akachora ng'ombe upande wa pili. Mlinzi akainama.

"Mgongo umenyooka. Wetu ana nundu."

Mama hakuelewa. Mlinzi akageuka, akapiga magoti kwenye kapeti la mgahawa mbele ya wageni, akaweka ngumi juu ya mgongo wake, karibu na shingo. Wageni wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya maonesho. Mama alicheka mpaka akaweka mwiba chini. Kisha akauokota, akaongeza nundu, akaipa mikunjo midogo kwenye ngozi, na kwa hiari yake akamwekea ng'ombe ua la Meksiko mdomoni.

"Anauliza kama ng'ombe wenu wanakula maua."

"Wakikosa majani, wanakula hata kamba ya nguo. Aendelee."

Siku ya mwisho, madam mmoja mwenyeji, aliyekuja na binti zake, alikizunguka kibuyu mara kadhaa na kuuliza bei. Meneja alianza kutabasamu. Mama alinyoosha mkono kuelekea langoni, na mlinzi akaitwa.

"Madam, samahani, si cha kuuza. Ni cha maziwa."

"Maziwa? Ndani ya hii?"

Akamweleza: mkaa, maziwa, kungoja, kutikisa. Madam akamsikiliza, kisha akawaambia binti zake kitu kwa Kiarabu, akionesha kwa mikono miwili kama mtu anayesukasuka mfuko. Akatugeukia: bibi yake alitikisa maziwa kwenye kiriba cha ngozi ya mbuzi, jangwani. Hakuuliza tena bei. Aliomba tu kukishika.

Baada ya kufunga, meneja alikuja kuichukua kofia airudishe stoo. Ndani kulikuwa na duara la mafuta na udongo mwekundu lililoingia kwenye kitambaa, na ukingo mmoja ulikuwa umelala kwa uzito. Aliigeuza, akaigeuza tena.

"Nani atavaa hii sasa?"

Mama alijibu, na mwenzangu akatafsiri huku anajizuia kucheka. "Anasema hakuna, sir. Imeshapata kazi. Iende na kibuyu."

Meneja alitazama kofia, akamtazama mama aliyekuwa akipanga mawe yake kwa ukubwa ndani ya mfuko. "Yalla," alisema. "Iende."

Kwenye basi la wafanyakazi kurudi Al Qusais, mlinzi alikaa kiti cha mbele, kofia mapajani na kibuyu ndani yake, na kila tuta la barabarani alimkemea dereva. Chumbani alikisafisha kibuyu ndani kwa mkaa, akamimina maziwa, akaitundika kofia, kibuyu kikiwa ndani yake, kwenye msumari juu ya kitanda chake, ng'ombe akiangalia mlangoni. Mursik ilipoiva tulikunywa wote, hata waliokuwa wakisema analea paka.

Nilimuuliza kama maziwa yamebadilika ladha.

Alifikiri, kikombe mdomoni. "Ndani hakugusa," akasema. "Nilimwambia."